Gia Uliyopandia Ndiyo ya Kushukia

Somo kwa wanaotoka kwenye gari la otomatiki kwenda gari la gia za mkono

Magari yameongezeka sana hapa Mbinga na kule chini ziwani. Zamani mtu akisikia mngurumo wa gari alijua ni lori la kahawa, Land Rover ya misheni au gari la serikali. Leo mkulima wa kahawa ana gari. Mwalimu ana gari. Mama mwenye duka ana gari, na mfanyabiashara wa usipa pia ana gari.

Mengi ya magari madogo tunayoyaona yametoka Japani yakiwa yameshatumika huko. Na mengi kati ya hayo ni ya otomatiki, yaani gari linajibadilishia gia lenyewe. Dereva anaweka alama ya D, anakanyaga mafuta, anakwenda. Kwa hiyo tumepata madereva wengi ambao tangu wajifunze kuendesha hawajawahi kukanyaga klachi.

Lakini kazi za kwetu ni nzito. Kuna kahawa ya kutoa milimani, kuna mahindi, kuna samaki wa kupandisha kutoka Mbamba Bay na Liuli. Magari ya kazi hizo, kama vile pikapu, Land Cruiser, Canter na Fuso, kwa kawaida yana gia za mkono. Hivyo inafika siku yule dereva wa otomatiki ananunua pikapu, au anapata kazi, au ndugu yake anamwambia, "Shika usukani, twende." Anaingia, anatazama chini, anaona pedali tatu badala ya mbili. Afanye nini?

Katika somo hili tutaeleza namna ya kuhama kutoka otomatiki kwenda gia za mkono kwa uendeshaji wa kila siku. Mambo ni mengi, lakini moja tunaliweka mbele ya yote: katika nchi ya milima kama yetu, gia si ya kupandia tu. Gia ndiyo inayolishika gari wakati wa kushuka. Asiyelijua hilo hajajua bado gari la gia za mkono, hata kama anaweza kuliondoa bila kulizima.

KWA NINI OTOMATIKI ZIMEKUWA NYINGI?

Gia za otomatiki si jambo la jana. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza mwaka 1939 magari ya Oldsmobile yenye gia za namna hiyo. Lakini kwetu magari yaliyofungua njia yalikuwa ya gia za mkono. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ilikuwa ya gia za mkono, na malori yaliyopanda milima ya Umatengo yalikuwa hivyo hivyo.

Huko Japani mambo yalibadilika. Mwaka 1991 serikali ya huko ilianzisha leseni ya otomatiki peke yake. Mtu akitaka, anajifunza otomatiki tu na anafanya mtihani wa otomatiki tu. Watu wengi wa huko waliacha gia za mkono. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia kama wetu. Ndiyo maana magari yao yaliyotumika yanatufaa, na ndiyo maana yanakuja yakiwa ya otomatiki.

Kule Japani, na Uingereza vilevile, mtu aliyefanya mtihani kwa gari la otomatiki haruhusiwi kuendesha la gia za mkono mpaka afanye mtihani mwingine. Wenzetu hao wanajua kwamba kuendesha moja si kuendesha jingine. Na sisi tulione jambo hili hivyo hivyo. Aidha, tukumbuke kwamba leseni hutolewa kwa madaraja chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Ukijua kupanga gia za pikapu, hujapata ruhusa ya kuendesha lori. Lori lina daraja lake.

GIA NI NINI, NA KLACHI NI NINI?

Mtu anayepanda mlima akiwa na gunia mgongoni hupiga hatua fupi fupi. Anakwenda polepole lakini ana nguvu. Akifika tambarare, hatua zinakuwa ndefu. Gia ni hatua za gari. Gia namba moja ni hatua fupi: nguvu nyingi, mwendo mdogo. Gia namba nne au tano ni hatua ndefu: mwendo mkubwa, nguvu kidogo.

Na klachi je? Kutaneni viganja vyenu viwili, kimoja juu ya kingine. Kiganja kimoja ni injini, kingine ni magurudumu. Ukivibana, kimoja kikizunguka na kingine kinazunguka. Ukivitenganisha, kimoja kinazunguka peke yake na kingine kinatulia. Klachi hufanya kazi hiyo. Ukikanyaga pedali ya klachi, injini na magurudumu vimeachana. Ukiiachia, vimeshikana.

Kati ya kuachana na kushikana kuna mahali padogo ambapo viganja vinagusana na kuteleza. Hapo ndipo madereva wanaposema "kubalansi". Gari linatetemeka kidogo, sauti ya injini inashuka, na gari linataka kuondoka. Dereva mpya wa gia za mkono lazima mguu wake upajue mahali hapo bila kutazama.

Katika otomatiki kazi hii yote hufanywa na mafuta maalumu na mitambo iliyo ndani ya giaboksi. Ndiyo sababu mguu wa kushoto wa dereva wa otomatiki ni kama mgeni, umekaa tu.

FAIDA NA GHARAMA

Watu huuliza, "Kuna haja gani ya kuhangaika na pedali tatu?" Swali ni zuri. Faida zipo.

Kwanza, magari mengi ya kazi ni ya gia za mkono. Anayejua anaweza kuendesha aina zote mbili. Asiyejua amefungiwa mlango mmoja.

Pili, betri ikifa njiani, gari la gia za mkono linaweza kusukumwa likawaka. La otomatiki kwa kawaida haliwaki kwa kusukumwa. Tena otomatiki haifai kuvutwa kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa maana giaboksi inaweza kuharibika.

Tatu, mafundi wetu wa vijijini wengi wamezoea giaboksi ya gia za mkono.

Gharama nazo zipo. Klachi inakwisha, hasa mikononi mwa mwanafunzi. Katika foleni ya mjini mguu unachoka. Na wiki za mwanzo akili inachoka pia, kwa sababu mkono wa kushoto, miguu yote miwili na macho vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Hii ni kawaida. Hata kusoma tulianza kwa kuunganisha silabi moja moja, na leo tunasoma gazeti zima.

HATUA ZA KUJIFUNZA

Usianze kujifunza barabarani, na usijifunze peke yako. Tafuta mwalimu, au chuo cha udereva, au dereva mzoefu mwenye leseni na mwenye subira. Kisha fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: injini ikiwa imezimwa. Vuta handbreki. Kanyaga klachi mpaka chini, na huku umeikanyaga ingiza gia moja baada ya nyingine: moja, mbili, tatu, nne, kisha rudi. Tafuta rivasi iko wapi, kwa sababu magari hutofautiana. Fanya hivi mpaka mkono ujue njia bila macho kushuka chini.

Hatua ya pili: uwanja tambarare. Uwanja wa mpira usio na watu unafaa. Washa gari, klachi chini, gia namba moja. Usikanyage mafuta. Achia klachi polepole sana mpaka gari lianze kutambaa. Kanyaga klachi tena, simama kwa breki. Rudia mara 20, hata 30. Gari likizima, usiogope wala usione haya. Vuta handbreki, rudisha frii, washa upya.

Hatua ya tatu: moja kwenda mbili, mbili kwenda tatu. Sikiliza injini. Ikilia sana, inaomba gia kubwa. Ikigugumia na kutetemeka, inaomba gia ndogo. Dereva wa otomatiki hajazoea kusikiliza, kwa hiyo hapa zima redio.

Hatua ya nne: kusimama. Hapa dereva aliyetoka otomatiki hukosea sana. Anakanyaga breki tu, anasahau klachi, gari linaruka ruka kama mbuzi na kuzima. Kumbuka: breki kwanza, na gari likikaribia kusimama, klachi.

Hatua ya tano: kuondoka mlimani. Vuta handbreki barabara. Gia namba moja. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka pua ya gari iinuke na gari litake kwenda. Shikilia hapo hapo, kisha shusha handbreki. Gari litaondoka bila kurudi nyuma. Jifunze kwanza kwenye kilima kidogo kisicho na gari nyuma yako, wala watoto.

Kuna tabia mbili za kuacha mapema. Usiegemeze mguu kwenye klachi wakati unaendesha. Na usilizuie gari mlimani kwa kubalansi klachi. Lizuie kwa breki. Ukisikia harufu ya kuungua kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, ujue klachi yako inakwisha na fedha zako zinakwenda nayo.

KUPANDA

Katika kupanda, badilisha gia mapema. Usisubiri gari lichoke kabisa. Ukiona mlima umeanza, na sauti ya injini imeanza kuwa nzito, kanyaga klachi, teremka gia moja chini, achia, endelea. Ukichelewa, gari litapoteza mwendo wote na kuzima katikati ya mlima, pengine na lori nyuma yako.

Likizima, usishtuke. Kanyaga breki kwa nguvu. Vuta handbreki. Washa, gia namba moja, kisha ondoka kama ulivyojifunza. Usijaribu kulirudisha nyuma kinyumenyume mpaka chini ya mlima.

Na hapa angalia vizuri: ulipokuwa unapanda, ni gia gani iliyolivuta gari bila shida? Namba mbili? Ikumbuke hiyo. Utaihitaji upande wa pili wa mlima.

KUSHUKA: HAPA NDIPO PENYE MAISHA YA WATU

Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Nyasa yako kwenye mita 475 hivi. Ina maana anayesafiri kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, safari ya kilomita 66 hivi, atakuwa ameshuka zaidi ya mita 700 kwenda chini. Barabara haishuki moja kwa moja. Inapanda, inashuka, inakata kona, inapanda tena. Lakini mwisho wa hesabu ni kushuka.

Zamani njia hiyo ilikuwa ya vumbi na tope, na mashimo yenyewe yalimzuia dereva kukimbia. Leo kuna lami. Tumefurahi, na tuna haki ya kufurahi. Lakini lami haikuondoa mteremko. Imeondoa mashimo tu, na gari sasa linapata mwendo haraka zaidi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Gari lenye uzito wa tani 2 pamoja na mzigo wake, likishuka mita 700, lina nguvu ambayo kama ingegeuka yote kuwa joto, ingechemsha karibu lita 40 za maji. Hizo ni ndoo mbili kubwa. Pikapu ikijazwa magunia, au likiwa lori, ndoo zinaongezeka. Sehemu ya nguvu hiyo humalizwa na upepo na matairi. Iliyobaki lazima iende mahali. Kuna mahali pawili tu: kwenye breki au kwenye injini.

Dereva anayeshuka huku mguu uko juu ya breki muda wote anapeleka joto lote kwenye breki. Breki ni vyuma vidogo karibu na magurudumu. Vikipata moto sana, vinaanza kuteleza badala ya kushika. Dereva anakanyaga kwa nguvu zaidi, gari halipungui mwendo. Mafuta ya breki nayo, yakiwa ya siku nyingi, yanakuwa yamenyonya unyevu kutoka hewani. Yakipata joto kali yanachemka na kufanya mvuke, na pedali inazama chini kama mtu anayekanyaga sponji. Hapo gari halina breki tena, na kona bado ziko mbele.

Dereva anayeshuka kwa gia ndogo anapeleka kazi kwenye injini. Akiondoa mguu kwenye mafuta, si injini tena inayozungusha magurudumu. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Injini inakuwa nzito kuzungushwa, inakataa, na katika kukataa huko inalishika gari. Gia ikiwa ndogo zaidi, inashika zaidi. Na injini ina maji, rejeta na feni za kuipoza. Breki hazina msaada huo.

Ndiyo maana madereva wa malori wana kanuni yao: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Kama ulipanda kwa namba mbili, shuka kwa namba mbili. Ikiwa umebeba mzigo mkubwa, au mvua imenyesha, punguza nyingine.

Tuseme kijana amenunua pikapu, amekwenda kwa dereva mstaafu wa lori kuomba mawaidha. Mazungumzo yao yangekuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mzee. Kesho nashuka Mbamba Bay kuchukua usipa. Breki nimefunga mpya juzi. Sasa bado nihangaike na gia?"

"Breki yako ni mpya, mwanangu, lakini mlima ni ule ule wa zamani. Breki ni kama mbegu ya akiba. Ukiila yote njiani, ukifika shambani utapanda nini? Mteremko upewe gia. Breki iwekee kona, mtoto akikatiza, na ng'ombe."

"Na gia niingize wapi, mzee?"

"Juu. Kabla hujaanza kushuka. Ukishakwisha kuanza, umechelewa."

Maneno haya ya mwisho tuyaeleze vizuri. Chagua gia ukiwa juu, gari likiwa bado taratibu. Usisubiri gari likimbie ndipo utafute gia ndogo. Gari likiwa kasi, ukikanyaga klachi na kutoa gia namba nne, namba mbili inaweza kukataa kuingia. Sasa uko frii, huna gia yoyote, mteremko unakuvuta. Ikikupata hali ya kuhitaji gia ndogo zaidi katikati ya mteremko, mpango ni huu: breki kwanza mpaka mwendo upungue, ndipo klachi, gia ndogo, kisha achia klachi taratibu.

Hata ukiwa na gia ndogo utahitaji breki mara kwa mara. Usiikanyage kidogo kidogo bila kuachia. Kanyaga barabara, mwendo upungue, kisha achia ipoe. Ukiona injini inalia kupita kiasi, gusa breki, lakini usitoe gia.

Kwenye barabara za udongo mwekundu, kama zile za vijiji vya milimani wakati wa masika, gia ndogo ni ya lazima zaidi. Ila klachi uiachie polepole sana. Ukiiachia ghafla, magurudumu yatateleza kama vile umekanyaga breki ghafla.

ACHENI KUSHUKA KWA FRII

Wapo madereva wanaotoa gia mteremkoni na kushuka frii. Wengine hata huzima injini. Wanasema wanaokoa mafuta. Tulichunguze neno hili.

Katika magari ya siku hizi yenye mfumo wa EFI, ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, mfumo wenyewe hukata mafuta kwenda kwenye injini, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Lakini ukiweka frii, injini lazima ipewe mafuta kidogo ili isizime. Kwa hiyo huyo wa frii ndiye anayetumia mafuta zaidi! Katika magari ya zamani yenye kabureta, akiba ni ndogo sana, haifai kulinganishwa na maisha ya mtu mmoja.

Anayezima injini amefanya vibaya zaidi. Breki za magari mengi husaidiwa na injini. Ukikanyaga mara mbili tatu injini ikiwa imezimwa, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Na akichomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga. Atakata kona kwa kutumia nini?

BREKI ZIKILEGEA NJIANI

Mungu apishe mbali, lakini dereva ajue. Usizime injini. Usitoe gia. Kanyaga breki na kuachia haraka haraka, mara kadhaa, pengine itarudi. Jaribu kuteremsha gia moja moja, si kuruka kutoka nne kwenda moja. Vuta handbreki kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Piga honi, washa taa, wengine wakupishe. Ikibidi, sugua gari kwenye ukingo wa upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo. Gari linatengenezwa.

Na ukisikia harufu ya breki kuungua, hata kama bado zinashika, simama mahali salama upumzike. Usizimwagie maji. Ziache zipoe zenyewe. Mafuta ya breki yabadilishwe angalau kila baada ya miaka miwili, au kama kitabu cha gari kinavyosema.

KUEGESHA

Otomatiki ina alama ya P inayofunga magurudumu. Gari la gia za mkono halina P. Kwa hiyo baada ya kuzima, vuta handbreki na uache gari kwenye gia. Kama pua inatazama juu ya mlima, acha namba moja. Kama inatazama chini, acha rivasi. Geuza magurudumu yaelekee ukingoni, na gari lenye mzigo liwekewe jiwe au kigingi. Kabla ya kuwasha tena, kanyaga klachi na breki. Ukisahau kwamba gari lina gia, litaruka mbele, na pengine mbele yake amesimama mtu.

WANAOBAKI NA OTOMATIKI

Wale wasio na haja ya kuhama nao wana lao katika somo hili. Tazama kwenye gia yako. Chini ya D utakuta 2 na L, au B, au S. Hizo si mapambo. Zimewekwa ili gari libaki kwenye gia ndogo au injini isaidie kulishika mteremkoni. Ukishuka kwenda ziwani na D peke yake, mguu kwenye breki toka juu hadi chini, unafanya kosa lile lile tulilolieleza. Kwa hiyo ukiwa juu, punguza mwendo, weka 2 au L, ndipo ushuke. Wala N usiitumie mteremkoni.

MWISHO

Ndugu wasomaji, kuhama kutoka otomatiki kwenda gia za mkono si kazi ya kutisha. Mtu mzima anaweza kujifunza, mwanamke kwa mwanamume. Wengi huzoea ndani ya wiki chache za mazoezi ya kila siku. Ila usiwe na haraka ya kupakia watu. Mtu aliyejifunza uwanjani leo asibebe abiria kushuka mlima kesho. Kwanza tambarare, pili kilima kidogo, tatu mteremko bila mzigo, nne mteremko na mzigo.

Abiria nao wana sauti. Ukipanda gari, ukaona dereva anatoa gia mteremkoni, mwambie kwa adabu lakini mwambie: "Ndugu dereva, tuwekee gia." Si kumdharau. Wewe ndiwe mwenye roho yako, na watoto wako wanakungoja nyumbani.

Aliyesoma amsomee na jirani yake ambaye hakupata gazeti hili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mguu wa kushoto wa dereva wa otomatiki unahitaji mazoezi?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi injini inavyolishika gari mteremkoni.
3. Kwa nini gia ya kushukia ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka?
4. Jirani yako anasema kushuka frii kunaokoa mafuta. Utamjibu nini?
5. Taja miteremko mitatu mikali iliyo karibu na kijiji chako. Je, magari ya gia za mkono hupanda kila mmoja kwa gia gani? Waulizeni madereva, andikeni majibu, na kuyabandika kituoni ili wageni nao wayasome.